Ghala Likifungwa, Nani Hulala na Njaa?

Tuanze na jambo ambalo kila mwanafunzi aliyepata kulala bwenini atalifahamu upesi. Maharagwe ya shule yameibwa. Mwalimu mkuu ajua kwamba mwizi ni nyapara wa bweni, lakini hawezi kumshika, kwa sababu nyapara huyo ni mwana wa mtu mkubwa. Basi mwalimu afunga ghala la chakula, atia ufunguo mfukoni, na kusema: “Hapana chakula mpaka nyapara aungame.” Jioni ile wavulana 100 walala na njaa. Na nyapara je? Yeye amekwisha kula kwa mjomba wake kijijini. Siku ya tatu ndiye anayewauzia wenzake mihogo dirishani, kwa bei aitakayo mwenyewe.

Kisa hicho tumekitunga sisi. Lakini mataifa, wakubwa kwa wadogo, wamekitenda mara nyingi. Serikali moja ikikosa, serikali nyingine huifungia nchi ile: mizigo isipite, fedha zisiende, ndege zisitue. Siku hizi mambo hayo huitwa vikwazo. Nasi leo twataka kuwauliza wasomaji wetu swali moja tu: ghala likifungwa, nani hulala na njaa?

TWAIJUA HABARI HII KWETU

Kwa watu wa Yahuma swali hili si la vitabuni. Yahuma iko ng'ambo ya kusini ya mto Kongo, magharibi ya Kisangani. Mwenye mpunga, mahindi au mafuta ya mawese huyapeleka mbali kwa baiskeli au kichwani, mpaka yapate chombo cha mtoni. Na kwa njia hiyo hiyo hurudi chumvi, sabuni, nguo, madaftari na dawa. Kwa maji, kutoka Kinshasa hata Kisangani ni kadiri ya kilomita 1,700. Mto ndio barabara yetu. Mto ukifungwa, hapana nyingine ya kuishika nafasi yake.

Tuliyaona hayo katika vita vilivyoanza mwaka 1998. Serikali ilishika sehemu ya chini ya mto, waasi wakashika sehemu ya juu, na meli za biashara zikakoma kupita kati yao. Kisangani ikategemea ndege zilizotoka upande wa mashariki, na kila kilichoshuka katika ndege hizo kiliuzwa kwa bei ya ndege. Mwaka 2001 Umoja wa Mataifa ulianza kuufungua tena mto ili misaada ipite, na biashara ya kawaida ikarudi polepole baada ya mapatano ya amani. Chama cha misaada cha International Rescue Committee kilichunguza vifo vya miaka ile, kikaona kwamba wengi mno hawakufa kwa risasi. Waliuawa na malaria, kuhara, magonjwa ya kifua na utapiamlo, yaani maradhi ambayo dawa zake zilikuwako duniani, ila hazikuwafikia.

Wazee wanakumbuka habari ya zamani zaidi. Tarehe 5 Septemba 1960 Rais Kasa-Vubu alimwondoa Waziri Mkuu Patrice Lumumba katika kazi yake, na Lumumba naye akakataa kuondoka. Hapo Andrew Cordier, aliyekuwa mkubwa wa Umoja wa Mataifa mjini Léopoldville kwa siku zile, aliamuru viwanja vya ndege vifungwe kwa ndege zote isipokuwa zile za Umoja wa Mataifa. Kesho yake redio ya mji ikafungwa pia. Sababu iliyotolewa ilikuwa njema: kuzuia fujo na umwagaji wa damu. Lakini angalieni matokeo yake. Kasa-Vubu alikuwa na rafiki ng'ambo ya mto, Brazzaville, ambako kulikuwa na redio nyingine. Lumumba alikuwa na watu wake wengi Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, na huko palikuwa mbali, hapafikiki upesi ila kwa ndege. Amri ilikuwa moja kwa wote, lakini uzito wake haukuwa mmoja.

Tena mwanzoni mwa 1961, Antoine Gizenga alipokuwa amekwisha kuweka serikali yake Stanleyville, wale wa Léopoldville waliizuia mizigo isipande mto kwenda jimbo la Mashariki. Petroli ikaadimika, na maduka yakapungukiwa. Wakulima wa ndani, ambao hawakuulizwa lolote na Léopoldville wala na Stanleyville, wakakosa pa kuuza mazao yao.

MFANO WA BURUNDI

Mtu aweza kusema: “Hayo yalikuwa mambo ya vita. Vikwazo vya mataifa ni jambo lingine, kwa kuwa hupangwa kwa shauri na kwa nia ya amani.” Basi na tuitazame Burundi, jirani yetu, maana huko vikwazo vilipangwa kwa shauri na kwa nia ya amani.

Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya aliutwaa utawala kwa nguvu za jeshi, akamwondoa Rais Sylvestre Ntibantunganya. Nchi ilikuwa tayari katika mauaji tangu Rais Melchior Ndadaye alipouawa mwezi wa Oktoba 1993. Siku 6 tu baada ya mapinduzi, yaani tarehe 31 Julai, wakuu wa nchi za jirani walikutana Arusha pamoja na mpatanishi, Mwalimu Julius Nyerere. Wakakata shauri kuifungia Burundi. Petroli isipite, bidhaa zisiingie wala kutoka, ndege za nchi zao zisiende Bujumbura. Walidai mambo matatu: bunge lirudishwe, vyama vya siasa viruhusiwe, na mazungumzo yaanze bila masharti pamoja na wote waliohusika katika vita.

Burundi haina bahari. Kahawa na chai yake, ambazo ndizo zilizokuwa zikiiletea fedha za kigeni, hupita kwa ziwa hata Kigoma na kwa reli hata Dar es Salaam, au kwa barabara za jirani wengine. Kwa hiyo jirani wakikubaliana kufunga milango, nyumba nzima imefungwa.

Nani aliumia? Mkulima wa kahawa aliumia, kwa sababu jasho lake halikupata njia ya sokoni. Mama wa mjini aliumia, kwa sababu petroli ilipoadimika, kila kitu kilichobebwa na gari kilipanda bei. Mgonjwa aliumia, kwa sababu hospitali ya ndani yahitaji gari la kuchukua wagonjwa, na chanjo zahitaji ubaridi usiokatika tangu uwanja wa ndege hata zahanati ya mwisho. Ruhusa ya kupitisha vitu vya lazima ilikuja moja moja. Kwanza zilipita dawa na chakula cha watoto wachanga, kisha vitu vingine vichache, na kila mara ilibidi watu wa misaada wapeleke maombi kwenye kamati na kungoja. Ilikuwa mwezi wa Aprili 1997 ndipo wakuu walipofungulia vyakula, vifaa vya shule, vya kilimo na vya kujengea. Wasomaji wahesabu wenyewe: tangu Agosti hata Aprili ni miezi mingapi, na majira mangapi ya kupanda. Mvua haingoji kikao cha kamati.

Na nyapara je? Petroli haikukoma kabisa. Iliingia kwa magendo, kwa ziwa na kwa mipaka ya nchi kavu. Wafanya biashara waliokuwa karibu na wenye nguvu waliinunua kwa siri na kuiuza kwa faida kubwa, na vita havikusimama kwa kukosa petroli. Kila nchi iliyofungwa imekuwa na watu wa namna hii. Mlango wa mbele ukifungwa, mwenye ufunguo wa mlango wa nyuma hutajirika. Mara nyingi mwenye ufunguo huo ni yule yule aliyekusudiwa kuadhibiwa, au ni ndugu yake.

TUSEME KWELI YOTE

Hata hivyo haitakuwa haki kuwalaumu tu wale waliokutana Arusha. Walikuwa wameona damu ya miaka mitatu. Walikuwa wameyaona mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994, wakajua jinsi dunia ilivyokaa kimya. Hawakutaka kupeleka majeshi, wala hawakutaka kunyamaza. Mwenye kukataa vita na kukataa kimya abakiwa na nini mkononi? Akatafuta silaha isiyomwaga damu.

Tena silaha hiyo haikukosa kazi kabisa. Mwezi wa Septemba 1996 Buyoya alilirudisha bunge na kuviruhusu vyama. Baadaye wajumbe wake wakazungumza kwa siri na waasi mjini Roma, kwa upatanishi wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio. Mwezi wa Juni 1998 mazungumzo makubwa yakaanza Arusha. Tarehe 23 Januari 1999 jirani wakaviondoa vikwazo, na tarehe 28 Agosti 2000, mbele ya Nelson Mandela aliyeushika upatanishi baada ya kufariki kwake Mwalimu Nyerere, mapatano yakatiwa sahihi. Hatuwezi kupima kwa mizani ni sehemu gani ya mapatano hayo iliyozaliwa na njaa na ni sehemu gani iliyozaliwa na subira ya wapatanishi. Lakini twaona hivi: yale madai yaliyowezekana kutimizwa kwa haraka yalitimizwa katika miezi ya kwanza, na vikwazo vikaendelea zaidi ya miaka miwili baada yake.

Kuna pia habari ya Afrika ya Kusini. Huko walioonewa wenyewe, kwa vinywa vya viongozi wao kama Askofu Desmond Tutu, waliiomba dunia iifungie serikali yao, wakijua ya kuwa nao wataumia. Mtu akichagua kufunga chakula kwa hiari yake ili apate uhuru, hilo ni jambo moja. Kumfungisha mtoto wa mwenzako bila kumwuliza ni jambo lingine.

ANGA LIKIFUNGWA

Tuseme sasa habari ya ndege, maana wengine hudhani ndege ni mambo ya matajiri tu. Mwezi wa Aprili 1992 Umoja wa Mataifa uliikataza Libya safari zote za ndege na nchi nyingine, mpaka iwatoe watu wawili walioshtakiwa kuiangusha ndege ya Marekani juu ya Lockerbie mwaka 1988. Katazo hilo lilidumu hata Aprili 1999, watu hao walipotolewa. Kwa miaka 7 mgonjwa wa Libya aliyetaka matibabu ya nje alikwenda kwa gari jangwani hata Tunisia au Misri, au kwa meli hata Malta, isipokuwa amepata ruhusa ya kamati iliyokaa New York.

Lakini si kila katazo la ndege ni adhabu. Tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya umeyakataza mashirika ya ndege ya Kongo yasiruke katika anga lake, kwa sababu ya usalama. Yaumiza kusikia hivyo, lakini sisi wa upande wa Kisangani tuna kaburi la kutukumbusha. Tarehe 8 Julai 2011 ndege ya Hewa Bora ilianguka ilipokuwa ikijaribu kutua Bangoka, na watu zaidi ya 70 wakafa. Katazo la namna hii halimlindi mkubwa, lamlinda abiria. Dawa yake ni kutengeneza ndege na kuzikagua kwa haki, ili watu wetu pia, wasiokwenda Ulaya kamwe, wapate kusafiri salama.

Tena tuliona mambo ya mwaka 2025. Mwishoni mwa Januari waasi wa M23, wakisaidiwa na jeshi la Rwanda, waliuteka mji wa Goma. Uwanja wa ndege wa mji ukafungika, na mabenki nayo yakafunga milango. Watumishi wa misaada wakalia kwamba dawa na majeruhi hawana njia. Mwezi wa Februari serikali yetu ikazikataza ndege zilizoandikishwa Rwanda zisipite katika anga la Kongo, na zile zilizokwenda Ulaya zikalazimika kuzunguka. Hayo ni makatazo mawili ya anga katika majuma machache. Moja liliongeza saa katika safari ya abiria. Jingine lilimkata mgonjwa na dawa yake. Hatuwezi kuyaita kwa jina moja kana kwamba uzito wake ni sawa.

HAKI YA NANI?

Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la tarehe 10 Desemba 1948 halikuandikwa kwa ajili ya watu wa serikali nzuri peke yao. Kifungu cha 13 chasema habari ya haki ya mtu kusafiri, kutoka katika nchi yake na kurudi. Kifungu cha 25 chataja chakula, mavazi, nyumba na matibabu. Kifungu cha 26 chataja elimu. Mtoto hazipotezi haki hizo kwa kuwa mtawala wake ni mnyang'anyi. Mwaka 1997 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki hizo ilieleza wazi kwamba wanaoifungia nchi nao wana wajibu juu ya watu wa nchi ile. Kosa la mtawala haliwaondolei wengine wajibu huo.

Mafundisho ya Kanisa juu ya mambo ya jamii, yaliyokusanywa katika kitabu cha mwaka 2004, yasema hivyo hivyo: vikwazo vikusudie kumrekebisha mwenye kosa na kufungua njia ya mazungumzo, visiwe fimbo ya kuwachapa watu wote, na kufungia uchumi kuwe kwa muda tu. Nasi tumwangalie babu yetu Abrahamu katika kitabu cha Mwanzo. Aliposikia kwamba Sodoma itaangamizwa, hakuanza kwa kuwatetea wakosefu. Aliuliza kama wenye haki wataangamia pamoja nao, akawahesabu kutoka 50 hata 10.

Mataifa wamejifunza kidogo. Irak ilifungiwa tangu Agosti 1990 hata Mei 2003, na raia wakaumia kiasi kwamba wakuu wawili wa misaada ya Umoja wa Mataifa huko, Denis Halliday mwaka 1998 na Hans von Sponeck mwaka 2000, waliacha kazi kwa kutoridhika. Tangu siku hizo Umoja wa Mataifa umependelea kuandika majina ya watu kuliko kufunga nchi nzima. Kwetu Kongo, katazo la silaha liliwekwa juu ya makundi ya mashariki mwaka 2003, na tangu mwaka 2005 wakubwa wengine wa vita wamezuiwa kusafiri na mali yao katika mabenki kushikwa. Mwezi wa Desemba 2022, kwa Azimio la 2664, Baraza la Usalama lilikubali kwamba kule kushika mali kusiwazuie watu wa misaada kufanya kazi yao. Njia hii nayo yaweza kukosea, ikamwandika asiye na kosa, na kwa sababu hiyo tangu 2006 iko ofisi ya kupokea malalamiko ya walioandikwa.

MASWALI MATATU

Kwa nini twayaandika haya kwa jamaa za parokia na kwa wanafunzi? Kwa sababu siku hizi, baada ya maumivu ya mashariki, mara nyingi twasikia watu wakisema: “Jirani wafungiwe kabisa, wasipate hata chumvi!” Twaelewa uchungu huo. Watu wa Kisangani hawakusahau jinsi majeshi ya Rwanda na Uganda yalivyopigana katika mji wao kwa siku sita mwezi wa Juni 2000. Kudai haki ni wajibu, tena haki ina njia zake: mwezi wa Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vile. Lakini sisi tuliowahi kukosa chumvi hatupaswi kumwombea mtoto wa mwingine ladha ile ile.

Basi msikiapo nchi yo yote ikifungiwa, yetu au ya jirani, ulizeni mambo matatu. La kwanza: ufunguo umemfungia nani, mwenye kosa au mwenye njaa? La pili: je, mlango wa dawa, chakula na shule umeachwa wazi tangu siku ya kwanza, au wangoja kamati? La tatu: mwenye kosa ameambiwa afanye nini hasa, na akilifanya, mlango utafunguliwa siku gani? Adhabu isiyo na majibu ya maswali hayo si adhabu ya haki, hata ikitoka kwa watu wenye nia njema.

Na mwalimu mkuu wa hadithi yetu, angefanya nini? Angemvua nyapara cheo chake mbele ya wote, na kumnyang'anya funguo za bweni. Angemwita baba yake, hata akiwa mkubwa wa namna gani. Angetafuta ni nani anayenunua maharagwe ya wizi kule sokoni. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kufunga ghala, tena yataka moyo. Lakini saa ya jioni moshi ungeonekana jikoni kama kawaida, na wavulana 100 wangekula.